Sista Nepi na Watoto Wenye Macho ya Manjano

Alizaliwa tarehe kumi na tisa Februari mwaka 1931, mtoto wa nne wa fundi rangi na mshona mashuka, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao. Sisi tunaoandika maisha ya watu wa Mungu hupenda kusema kwamba mtoto alikuja duniani amekunja mikono kama anayesali. Huyu, kwa ushuhuda wa dada yake mkubwa, alikuja akipiga kelele na hakunyamaza kwa miezi mitatu. Alipofikisha miaka saba alikuwa akimkorogea baba yake rangi kwenye makopo, na jicho lake lilikuwa kali kuliko la mafundi watu wazima. Nyeupe mbili ambazo wengine waliziona moja, yeye alizitenganisha papo hapo. Baba alikuwa na neno alilolirudia mpaka watoto wakawa wanamwigiza: "Rangi usiiamini chini ya taa. Itoe nje." Mwaka 1950 alipoaga kwenda utawani, mama alilia kwa sauti. Wiki iliyofuata baba alibeba ngazi yake akaenda kupaka ukuta wa kanisa dogo la masista, akaupaka mara mbili ingawa mara moja ingetosha.

Baada ya kusomea uuguzi na ukunga, alipelekwa mwaka 1956 kwenye hospitali ya misheni yenye wodi ya wazazi ya vitanda kumi na viwili, na kliniki ya watoto wachanga kila Alhamisi. Mlangoni pa kliniki hiyo palibandikwa karatasi: "Mtoto aje safi." Akina mama waliitii kupita kiasi. Nani angethubutu kumpelekea sista nepi iliyochafuka? Watoto walipangwa kwenye benchi wakiwa wameoshwa, wamepakwa mafuta, wamefungwa nepi zilizopigwa pasi. Mtoto akijisaidia njiani, mama aliingia kwanza chooni kumbadilisha, ndipo aende kupimwa. Ilikuwa heshima, na ndiyo iliyokaribia kumvunja mtumishi huyu wa Mungu.

Mwezi wa Agosti 1958 mama mmoja alimleta binti wa wiki tano mwenye macho ya manjano. Sista alimtazama mtoto, akaona ananyonya vizuri, akasema maneno ambayo kila muuguzi wa wakati ule aliyasema: "Ni manjano ya kawaida. Mwanike kwenye jua la asubuhi." Nepi ilikuwa nyeupe pe, imefuliwa. Miezi mitatu baadaye mtoto alirudishwa tumbo limejaa maji, na akafa siku ya nne. Mama yake, bila ukali wowote, alisema kwamba tangu mwanzo choo cha mtoto kilikuwa cheupe kama chaki, na mkojo wake ulitia madoa kwenye kitambaa. "Hukuniuliza, Sista," alisema. "Na mimi niliona aibu."

Sista alikwenda kwa Mama Mkuu akiwa tayari amefunga sanduku lake. Mama Mkuu alikuwa mtu wa maneno machache. "Ukiondoka," alimwambia, "kosa litabaki hapa halina mwenyewe. Baki nalo ulifanyie kazi." Alibaki. Kwa miaka miwili alisoma kila kitabu cha magonjwa ya ini alichoweza kuazima, na alichokielewa alikieleza hivi kwa wanafunzi wake: manjano ya kawaida ya mtoto mchanga huisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, uliza habari za ini. Ini likivimba kwa maradhi, au njia ya nyongo ikiziba, nyongo haishuki tumboni. Hurudi kwenye damu, ikageuza ngozi na macho, ikakoza mkojo. Choo, ambacho rangi yake huletwa na nyongo hiyohiyo, hupauka. Kwa hiyo habari iliyokuwa inatafutwa kliniki nzima ilikuwa imo ndani ya nepi, na nepi ilikuwa inafuliwa nyumbani kabla ya kutoka.

Aliibandua ile karatasi ya mlangoni. Akachukua ubao, akapaka juu yake vipande tisa vya rangi, kuanzia nyeupe ya chaki hadi njano ya haradali na kijani kibichi, akautundika juu ya mizani. "Mtoto aje na nepi ya jana," aliwaambia akina mama, "isiyofuliwa." Wengine walidhani sista amerukwa na akili. Wahudumu wakamwita Sista Nepi, na daktari mmoja kijana aliziba pua kila alipopita karibu yake. Yeye aliwajibu kwamba Bwana wetu alizaliwa zizini, na kwamba hajasoma popote kuwa mtu yeyote aliziba pua.

Yote hayo yalikuja kupimwa mwaka 1979. Mama wa miaka ishirini na mbili, mke wa fundi baiskeli, alimleta mwanawe wa kwanza akiwa na siku arobaini na tisa. Macho manjano, ini gumu chini ya mbavu, nepi imepauka. Siku hiyohiyo Sista alimchoma sindano ya vitamini K ili asivuje damu, akapanda naye gari la wagonjwa hadi hospitali kubwa. Daktari mpasuaji alieleza bila kuficha. Kama njia ya nyongo imeziba, lazima mtoto apasuliwe kabla ya miezi miwili, vinginevyo ini litaharibika kabisa. Kama ni uvimbe wa ini tu, kumpasua ni kumwumiza bure, na mtoto dhaifu namna ile angeweza kufia mezani. Vipimo vya damu vilifanana kwa magonjwa yote mawili. Upasuaji ulipangwa baada ya siku nne.

"Wauguzi wa usiku wameandika choo cha njano mara mbili," daktari alisema. "Wa mchana wanaandika cheupe. Nimwamini nani?"

Sista aliinua macho akaitazama balbu ya wodini, iliyokuwa na mwanga wa manjano kama samli. "Usimwamini yeyote, Daktari. Chini ya taa hii hata koti lako jeupe ni njano. Nipe siku tatu, na nepi zote ziwe zangu."

Adui yake mkubwa katika siku hizo tatu alikuwa dobi wa hospitali, mzee mchapakazi aliyepita kila baada ya saa mbili na kikapu, akaondoka na kila kitambaa kilicholowa. Walivutana nepi mchana kweupe. "Sista, mimi nina miaka thelathini hapa sijawahi kulaza nepi chafu!" alilalamika mzee. "Basi, baba, Mungu akusamehe kwa siku tatu tu," alimjibu, akaikumbatia nepi kifuani. Kila mtoto alipojisaidia, aliifunika, akaandika saa, na kulipokuwa na mwanga aliipeleka dirishani na kuilinganisha na kibao cha rangi alichokuja nacho. Siku ya kwanza: nyeupe. Siku ya pili: nyeupe. Mama wa mtoto aliacha kula. Baba aliketi kwenye ngazi za nje akizungusha kofia yake mikononi.

Siku ya tatu, saa nne na robo asubuhi, alifungua nepi dirishani, akailinganisha na kibao mara mbili. Kisha akamwita daktari, na daktari akaja, na safari hii hakuna aliyeziba pua. Katikati ya weupe ule palikuwa na mstari wa kijani uliochanganyika na njano, mwembamba kama uzi. Nepi ya saa saba mchana ilikuwa nao pia, mpana zaidi. "Nyongo inapita," alisema Sista. "Njia iko wazi."

Daktari alifuta jina la mtoto kwenye orodha ya upasuaji kwa mkono wake mwenyewe. Ulikuwa uvimbe wa ini. Walimpa vitamini, maziwa yaliyotayarishwa kwa watoto wa aina yake, na uangalizi wa kila wiki, na alipofikisha miezi mitano macho yake yalikuwa meupe kabisa. Baba alipoambiwa mchana ule, alimkumbatia dobi, aliyekuwa ndiye mtu wa karibu, na wote wawili wakalia juu ya kikapu cha nguo.

Sista alifariki tarehe mbili Novemba 2003, kwa uzee, akiwa ameshiba siku. Maneno yake ya mwisho yalikuwa swali kwa muuguzi aliyekuwa zamu: "Yule wa kitanda cha sita ana siku ngapi?" Waamini husimulia maajabu mengi yaliyompata kila aliyeomba kwa jina lake, na mengine nimeyaacha kwa sababu sikupata shahidi. Hili ninalo kwa uhakika: katika miaka yake arobaini pale kliniki, watoto sitini na mmoja waligunduliwa mapema, na wengi wao wamekuwa watu wazima. Hakuna anayetuzuia kumwiga. Haihitaji kufunga siku arobaini. Siku ya kumi na tano mtoto akiwa bado wa manjano, usingoje kesho na usione aibu.

Mwaka jana tume ya jimbo inayochunguza utakatifu wake ilimhoji yule mke wa fundi baiskeli, ambaye sasa ni bibi mwenye mvi. Padri aliyeandika alimwuliza kama alishuhudia muujiza.

"Baba, sijui muujiza unaandikwaje," alijibu. "Mwanangu ana watoto wanne. Nepi zao za miezi miwili ya kwanza nimezitoa nje kwenye mwanga zote, moja moja, na mkwe wangu amenichoka. Wote wazima."