Maikrofoni Kwenye Kiti Changu

Nyinyi vijana mnaosoma hii, mnacheka heshima ya mkwe, lakini hapa Ruiri kwangu bado tunaishika. Mume wa binti yangu alileta risiva ya kukuza sauti na spika tano ili nisikie mahubiri ya televisheni, maana sikio langu la kushoto limechoka. Mashine hiyo hujipima. Unaweka maikrofoni pale msikilizaji anapokaa, kila spika inapiga mlio, maikrofoni inausikiliza, halafu sauti inaelekezwa hapo.

Mimi nilikuwa jikoni, kwa sababu sikai chumba kimoja na mkwe. Yeye naye hawezi kugusa kiti changu. Akaweka maikrofoni kwenye stuli ya mlangoni, akapima, akatoka nje kunywa chai.

Nilipokaa, mhubiri alikuwa anahubiria mlango. Mimi nilipata mngurumo tu.

“Mama, iko sawa?” binti yangu akauliza.

“Kwa mbuzi anayepita, iko sawa kabisa.”

“Basi tupeleke kiti chako mlangoni.”

“Kiti hakiendi popote. Mimi narudi jikoni. Weka wewe maikrofoni kwenye kiti, halafu mwite mume wako abonyeze kupima tena. Na mtu asikohoe.”