Bafta ya Ubatizo wa Baba

Mwanangu, ipo siku moja ambayo huwa naikumbuka kila nikisikia mtu akisema, "Nitampokea Yesu nikishatengeneza mambo yangu." Ilikuwa Jumatatu, nami natoka Arusha na yadi tano za kitambaa cha bafta nyeupe kwapani, nimefurahi kama bwana harusi. Nilidhani nimemfanyia baba yangu jambo kubwa. Keti nikueleze, maana maneno hayo unayasema na wewe, na mimi niliyasema kabla yako.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Kagera, na madukani hamkuwa na kitu. Sabuni hakuna, tulifulia majani ya mpapai. Sukari hakuna. Unga ulikuwa wa yanga, ule wa njano, na huo nao kwa kupanga foleni. Mimi nilikuwa fundi cherehani hapa Babati mjini, mashine yangu nimeiweka kwenye kibaraza cha Mzee Rajabu mwenye duka. Wakati huo duka lake lilikuwa na rafu nzuri na viberiti, basi. Kwa kuwa vitambaa vipya havikuwepo, kazi yangu kubwa ilikuwa kugeuza kola. Shati likichakaa shingoni unaifumua kola, upande wa ndani unauleta nje, mtu anarudi ofisini akidhaniwa ana shati jipya. Nilikuwa hodari sana wa kuficha palipochakaa. Nikaanza kudhani maisha yote yanakwenda hivyo.

Baba yangu alikuwa mkulima, anaishi Nakwa. Alishuka kutoka milima ya Mbulu akiwa kijana, na mambo ya kanisa akayaacha yawe ya watoto. Mimi nilibatizwa nikiwa shuleni. Yeye alijifunga shuka lake lubega, akatusindikiza hadi mlangoni mwa kanisa, akarudi shambani. Halafu, uzee ulipoingia, akaanza kukaa na mwinjilisti wa mtaa wetu. Aliniambia kwamba miaka yote alidhani Mungu anawataka watu walionyooka, kumbe Yesu alikufa kwa ajili ya waliopinda. Akahudhuria mafundisho ya ubatizo pamoja na vijana wa rika la wajukuu zake, bila haya. Yalipokwisha akaniambia, "Marko, mchungaji akija, nabatizwa."

Mchungaji wetu alikuwa na mitaa mingi na pikipiki moja, na petroli ilitoka kwa kibali. Akija leo, hujui atarudi lini.

Nikamjibu baba, "Ngoja kwanza nikushonee kanzu nyeupe." Ndiyo ilikuwa desturi, wabatizwa kuvaa nyeupe, na ni desturi nzuri, siisemi vibaya. Lakini sikuwa nawaza desturi. Nilikuwa nawaza jina langu. Baba wa fundi asimame mbele ya watu na shuka lililokolea moshi, tena lina kiraka begani? Wateja wangu wangesemaje? Baba akakubali, kwa kunistahi. Bafta haikupatikana, mchungaji akaja akaondoka. Masika mengine akaja tena, nami nikamwambia mzee wangu, "Haraka haraka haina baraka." Hivi ndivyo tunavyozitumia methali tukitaka kujificha nyuma yake. Baba akaenda zake kupalilia.

Mzee Rajabu alikuwa akisikia yote pale dukani. Siku moja akaniambia, "Fundi, mimi dini yangu nyingine, lakini mwache baba yako aende kwa Mola wake. Msikitini kwetu wamo wenye kanzu za viraka, na sala zao zinakwenda." Nikacheka. Nilimwona hajui mambo ya Kilutheri.

Sasa nikwambie nililokuwa nalificha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetengwa kanisani. Nilikuwa naishi na Elizabeti, tumepata mtoto, na ndoa hatujafunga. Ilinibidi nisimame mbele ya usharika, nikiri kosa langu, nirudi kundini. Kila mwaka nikasema nitarudi nikishamaliza mahari, nikishaezeka bati, nikishapata suti ya harusi. Suti, katika miaka ile! Jumapili nilikaa benchi la nyuma, na watu wakianza kwenda meza ya Bwana, mimi natoka nje kana kwamba kuna mtu ameniita. Mficha uchi hazai, nami niliuficha kwa bidii.

Basi, Alhamisi moja tukasikia mambo mawili kwa mpigo: kuna duka Arusha limeletewa bafta, na mchungaji anakuja Jumapili. Nikamkimbilia baba. "Nisubiri," nikamwambia. "Jumapili asubuhi nitakuwa hapa, na kanzu yako imeshonwa." Nikadandia lori la mahindi. Ijumaa nikapanga foleni kutwa nzima, nikaipata. Jumamosi nikaanza safari ya kurudi, lori likafika Makuyuni, dizeli ikaisha. Tukalala hapo siku mbili. Jumapili nilikaa juu ya magunia nikitazama barabara, bafta mapajani, nikijua kwamba saa hiyo watu wetu wako kanisani. Nilijipa moyo kwamba baba ananisubiri.

Jumatatu nikafika Nakwa. Mama alikuwa anapepeta mahindi uani. Akaitazama bafta, akanitazama mimi. "Baba yako amebatizwa jana," akasema. Kisha akanieleza jambo lililonikata maini zaidi. Ile Jumamosi, wakati mimi niko njiani na kitambaa, baba alitembea kwa miguu hadi Nangara, kwa baba mdogo, nduguye ambaye hawakuwa wamesalimiana miaka mingi kwa sababu ya mpaka wa shamba. Alimwomba msamaha. Walirudi pamoja, na baba mdogo ndiye aliyesimama nyuma yake wakati wa kubatizwa, mahali pangu.

Nilimkuta baba shambani na jembe lake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Pole na njia."

"Baba, hukuweza kunisubiri siku moja?"

"Nimekusubiri masika mawili," akasema.

"Na lile shuka? Watu wamesemaje?"

"Wameimba."

Akaendelea kulima, mpaka mwisho wa tuta. Kisha akaegemea mpini. "Mchungaji aliniuliza habari zako, Marko. Nikamwambia unajiandaa. Akaniuliza unaandaa nini. Hebu nijibu mimi."

Nikaanza habari za mahari, bati, suti. Baba akasikiliza zote, hakunikata. Halafu akasema, "Mwenye kidonda hasubiri kipone ndipo aende zahanati. Mimi nimekwenda nikiwa nacho. Wewe kaa na chako ukikifunga kitambaa kizuri."

Niliona haya, mwanangu. Nilikasirika pia, sikufichi. Bafta ile Elizabeti alimshonea mtoto magauni mawili, na moja la kumpa jirani.

Ningependa kukwambia kwamba nilikwenda kwa mwinjilisti kesho yake. Sikwenda. Ilinichukua miezi. Mchungaji alipokuja tena nilisimama mbele na Elizabeti, nikasema nimekosa, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Mchungaji akatuombea, mambo yakaisha upesi kuliko nilivyodhani. Nilipogeuka nilimwona baba benchi la mbele, analia waziwazi, hajali nani anamtazama. Yeye alikuwepo siku yangu. Mimi siku yake sikuwepo, na ubatizo haurudiwi. Nimezeeka, bado linaniuma.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni fupi. Kristo alikufa na kufufuka kwa ajili yako ukiwa hivyo ulivyo, na hilo limekwisha kufanyika, huna la kuliongezea. Wewe unachotakiwa ni kumwamini, kukiri kosa lako bila kuligeuza upande wa pili, na kuja. Mahari utamaliza, bati utaezeka, tabia yako atainyoosha mwenyewe taratibu ukiwa ndani. Kama kuna mtu umemkosea, mwendee leo, maana hayo ndiyo maandalizi niliyoyaona kwa baba yangu, na mengine siyajui. Na mwingine akitaka kuja kwa Mungu, usimzuie mlangoni umrekebishe kwanza. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mara nyingine tumbo lenyewe si lako.

Mungu wa baba yangu akushike mkono, akupe moyo mwepesi wa kutubu na mzito wa kuhukumu. Nyumba yako isikose amani, na siku wapendwa wako watakapoitwa, ukute umekaa karibu nao. Amina.