Tulivyopanda minyaa kwenye kiwanja cha watu Kitaji, nusura watoto warudi kuchezea barabarani

Wakuu, heshima mbele. Hii siyo chai. Ni jambo nililolifanya kwa mikono yangu hapa Musoma, na mpaka leo nikilikumbuka natikisa kichwa peke yangu.

Mimi ni fundi rangi. Naandika majina kwenye mitumbwi pale Mwigobero, na naishi Kitaji na familia.

Mtaani kwetu kuna kiwanja kilikaa wazi miaka na miaka. Majani kiunoni, chupa, pampasi, kila aina ya uchafu. Watoto wetu wakawa wanachezea barabarani, huko huko kwenye bodaboda.

Siku moja mtoto wa jirani yangu Mama Nyangeta, muuza dagaa, akagongwa na kuvunjika mguu. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini mama yake hakutulia. Akanifuata akaniambia, "Baba Neema, wewe si una rangi? Kile kiwanja kinakaaga bure tu."

Tukaanza.

Mwenyekiti wa mtaa akatupa namba ya mwenye kiwanja, mama mjane anayeishi Butiama. Tumwite Mama Wakuru. Nikampigia. Akasema watoto wacheze, ila siku akikihitaji tutoke. Nikasema sawa mama. Ruhusa ikawa hiyo hiyo ya kwenye simu.

Jamani, mtaa ulijitoa! Tukafyeka. Rafiki yangu anayeziba pancha Bunda akatupatia matairi chakavu. Wavuvi wakatupatia mtumbwi uliooza chini, tukaupaka rangi, ukawa meli ya watoto. Mabati ya zamani tukayasimamisha, kila mtoto akachora samaki anayemjua. Kuna mmoja alichora kamongo mwenye miguu. Nikamwacha, mimi nani wa kumkosoa.

Jioni unasikia kelele za watoto kiwanjani, barabara iko kimya. Niliwahi kukaa pale na ndoo yangu ya rangi nikajisikia tajiri.

Shida ikabaki moja. Mpira ukidunda barabarani, watoto wote nyuma yake. Inabidi kuzuia upande ule.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Nikaleta vipandikizi vya minyaa, ile miti ya utomvu mkali, kutoka kijijini, nikapanda upande wa barabara. Vikashika vizuri, nikanogewa, nikazungushia kiwanja chote. Ni bure, hailiwi na mbuzi, haihitaji maji.

Wenzangu wa Mara mshaanza kucheka. Kwa wasiojua: huku kwetu minyaa ndiyo mpaka wa shamba. Ukiona mtu amepanda minyaa, amesema hapa ni pangu. Wazee wakigombana ardhi, swali la kwanza ni nani alipanda minyaa. Mimi nimekulia Majita, haya nayajua tangu utoto. Nilikuwa nawaza bodaboda tu.

Minyaa ikafika magotini. Mtu wa Butiama akapita, akaenda kumwambia Mama Wakuru kwamba kiwanja chake kimezungushiwa.

Akaja bila taarifa. Mama mtu mzima, kitenge safi, mwavuli mkononi. Hakumsalimia mtu. Akaenda moja kwa moja kwenye minyaa akaanza kuing'oa kwa mikono, utomvu unamchuruzika. Nikakimbia, "Mama, utajiharibu macho!"

Akaniangalia. "Nani alipanda?"

"Mimi mama. Ni kwa ajili ya watoto, wasikimbilie barabarani."

"Na shemeji zangu walisema ni kwa ajili ya mbuzi."



Akatueleza pale pale, watu wameshajaa. Mume wake alipofariki, shemeji zake walipanda minyaa ndani ya shamba lake, eti kuzuia mbuzi. Naye akanyamaza, ndugu hao. Ilipokuwa mikubwa wakamwita kwenye baraza, wakaonyesha minyaa, na nusu ya shamba ikaenda. Kiwanja hiki cha Kitaji ndicho pekee alichobaki nacho cha kumwachia binti yake.

"Mnaanzaga hivyo hivyo," akasema. "Kwa upole."

Mama Nyangeta akajaribu. "Mama, mtoto wangu aligongwa hapo. Hatuna nia mbaya."

"Pole sana mwanangu. Lakini ondoeni vyote. Leo. Nikae hapa nione."

Wakuu, sitawadanganya, nilikasirika. Watoto wanalia, na nyuma yangu kuna watu wananong'ona tumuite mwenyekiti, atatutetea, huyu mama atafanya nini peke yake? Na kweli tungeweza. Mtaa mzima ulikuwa upande wetu.

Halafu nikamwona amekaa juu ya tairi, mwavuli ameukumbatia kwa mikono yote miwili. Yule mama alikuwa anaogopa. Sisi ndio tuliokuwa tunamtisha, na samaki zetu na rangi zetu.

Nikaenda kuchukua jembe.

Nikang'oa minyaa yote mwenyewe. Wenzangu walinung'unika, kisha wakaanza kubeba. Matairi yakatoka, mabati yakatoka. Mtumbwi ulitushinda mpaka wakaja vijana wa Mwigobero, wakauvuta kwa kuitikiana kama wanavyofanya ziwani. Jua linakaribia kuzama, kiwanja kitupu kabisa. Watoto wamesimama kando ya barabara.

Mama Wakuru akainuka. Akatembea kona zote nne, taratibu. Akarudi akasimama katikati.

"Hivi vitu mnavipeleka wapi?"

"Hatujui mama."

Akawaangalia watoto.

"Virudisheni. Minyaa tu ndiyo isirudi."

Mama Nyangeta alilia. Na mimi macho yaliniwasha, nikasingizia utomvu.

Upande wa barabara tukaweka nyavu kuukuu, zimefungwa kwenye nguzo zilizosimama ndani ya ndoo za zege. Hakuna kitu kilichoingia ardhini tena. Vyote vinabebeka.

Sasa ndiyo nimeamua kuandika, kwa sababu binti wa Mama Wakuru ameanza kuleta matofali ya kujengea. Tunatoka. Tuliona kiwanja kingine jirani, mwenyewe ni mzee mfanyabiashara wa hapa mjini, akatukatalia katakata. Alisema watu wakishaingia kwenye ardhi hawatokagi.

Mama Wakuru aliposikia, akapanda gari kutoka Butiama, tukaenda naye mpaka dukani kwa yule mzee. Akamwambia, "Hawa niliwaambia watoke, wakatoka siku ile ile. Nilikaa nikaona kwa macho yangu." Mzee akamwangalia, akatuangalia sisi, akasema haya, waje.

Nilichojifunza: nilidhani nikishapewa ruhusa, kazi imeisha. Sikuwahi kujiuliza yule aliyeitoa analalaje usiku.

Mnaotaka kufanya kitu kama hiki mtaani kwenu, ulizeni chochote, nitajibu ninachojua. Lakini hasa nawaomba ninyi wenye viwanja vilivyokaa wazi, mnaosoma uzi huu kimya kimya. Andikeni hapa mnaogopa nini. Nisingemsikiliza yule mama, ningemdhulumu huku nimeshika brashi, na mtaa mzima ungenipigia makofi.