Kunyoa au kutonyoa: nywele za binti yetu metisi zilivyotaka kuvunja nyumba

Habari zenu wakuu. Hili nalileta kama lilivyotokea nyumbani kwangu Goma. Sina haja ya kutia chumvi, maana lenyewe limeshakolea.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki pale Birere. Mke wangu, Ines, ni Mreno. Alikuja huku kikazi, tukaoana, na Kiswahili chake ni cha hapa hapa sokoni. Tuna binti mmoja, Zaina, ana mwaka na kitu. Chotara, au metisi kama tunavyosema huku.

Mama yake Ines alitakiwa kufanyiwa upasuaji, ikabidi Ines asafiri. Zaina akabaki na mimi na mama yangu mzazi.

Ombi alilotuachia lilikuwa moja tu: mtoto asinyolewe.

Hapa niwaeleze, maana wengine mtajiuliza. Sisi ni Waislamu, wazee wetu walitoka Maniema. Kwetu mtoto ananyolewa siku ya saba, anachinjiwa, mambo yanaisha. Zaina alizaliwa kabla ya wakati. Siku ya saba yuko hospitalini kwenye mashine ya joto, nani angempelekea wembe? Mbuzi tulichinja baadaye, kunyoa kukapita.

Mama hakuridhika. Kila akimwogesha anasema mtoto bado ana nywele za tumboni.

Na Ines alinieleza wazi kabla ya kuondoka. Akikuta mtoto amenyolewa, atajua kwamba katika nyumba hii neno lake juu ya mwanawe halina uzito, na hatamwacha tena hapa hata siku moja. Namjua mke wangu. Hatishii bure.

Sasa nywele zenyewe. Za Ines zimelala, zangu ni kipilipili kabisa, za Zaina hazikufuata upande wowote. Ni laini, nyembamba, zinajiviringa, na zikiwa kavu zinashikana zenyewe kwa zenyewe.

Ines aliacha chupa ya kondishena. Mama akaijaribu mara moja, akauliza hii ni sabuni gani haitoi povu, akaiweka juu ya kabati.

Akarudi kwenye dawa yake: mafuta meusi ya kokwa za mawese, yale yenye harufu ya moshi. Wakuu wa Kongo mnayajua, wengi tulikuzwa nayo. Kwa kichwa changu mimi yalikuwa mazuri tu. Kwa Zaina yalikuwa mzigo, nywele zake haziyanywi, yanakaa juu.

Chukua kichwa hicho kilicholowa mafuta, kitoe nje kwenye vumbi jeusi la volkano, pikipiki zinapita, halafu kivishe kofia ya sufu kwa sababu asubuhi huku kuna baridi. Kisogo kikawa kama pamba ya godoro kuukuu. Nywele, mafuta na vumbi vimekuwa kitu kimoja. Ukimgusa analia.

Kwenye video call nikawa namshika Zaina uso kwa uso na kamera. Ines akauliza mbona simwachi atembee amwone, nikasingizia mtandao. Nilikuwa naogopa, nisiwafiche.

Alhamisi jioni mama akaniambia kinyozi atakuja kesho baada ya swala ya Ijumaa. Nikakataa. Akasema mtoto anaumia, mnamtesa kwa ajili ya nywele. Na hapo alikuwa na hoja, maana kweli alikuwa anaumia.

Ijumaa sikufungua duka. Nilimpigia Ines nikamwonyesha kichwa chote, mbele na nyuma. Aliniambia nisogeze simu karibu na kisogo. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, niloweke kwanza, nipake kondishena nyingi, nisipitishe kitana kwenye nywele kavu, na nianzie kwenye ncha.

Nikaweka beseni uani. Wakuu, mimi ni mtu wa spana. Nilianza kwenye ncha kama nilivyoambiwa, subira ikaisha, nikavuta kutokea kwenye shina. Zaina alipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta.

Mama akatoka ndani, akaninyang'anya kitana. Nikajua sasa ataniambia "si nilisema". Hakusema. Alikaa kwenye kigoda, akampakata mtoto, akakishika kile kichwa.

"Saidi, nimesuka bajukuu yangu yote," akasema. "Huyu moja tu njo mikono yangu inaogopa. Nywele yake inaniteleza. Nilisema tukinyoa, itarudia ya kwetu, na miye nitaweza kumushika sawa benzake."

Muda wote huo nilidhani anapigania mila. Mila ilikuwemo, sikatai. Lakini kilichomuuma ni kwamba kati ya wajukuu wote, huyu ndiye ambaye mama hakujua namna ya kumkalisha katikati ya magoti yake amsuke. Iliniuma na mimi.

Nikamweleza alichosema Ines, habari ya maji na ile sabuni isiyo na povu. Akaweka kitana chini. Akagawa kichwa mafungu kama anayetaka kusuka, kila fungu akalifunga kwa uzi, kisha akawa anafungua moja moja, analilowesha, analipaka, analiachanisha kwa vidole. Hilo la mafungu Ines hakulijua, na la maji mama hakulijua.

Maji yalitoka meusi, tukawa tunamwaga beseni na kujaza tena. Zaina akasinzia.

Kinyozi akafika na mkoba wake, kanzu ya msikitini bado mwilini. Mama hakuinua hata kichwa.

"Rudia kwako, papa," akamwambia. "Unaona niko na kazi."

Siwezi kusema nywele zote zilipona. Nyingine zilikatika, na kuna sehemu kisogoni imebaki wazi. Jioni mama alishika simu mwenyewe, akamgeuza mtoto ili Ines aone kila kitu, pamoja na hiyo sehemu. Ines akalia kidogo. Mama akamwambia anyamaze, itaota.

Nilichojifunza: nywele za mtoto kama huyu zinataka maji kabla ya mafuta, mafuta yenyewe kidogo, na mkono usio na haraka. La pili, kama kuna mama wawili wanaompenda mtoto mmoja, wape simu waongee. Usijifanye tarishi katikati yao.

Ines anarudi karibuni. Sasa mama anataka kuanza kumsuka Zaina mistari, Ines anasema ngozi bado laini, asubiri. Wanabishana karibu kila jioni kwenye simu, mimi nakula chakula changu. Hakuna anayeniuliza.

Wenye watoto metisi, mlianza kuwasuka wakiwa na umri gani? Shusheni uzoefu hapa nisome. Ila kama kuna atakayeandika "nyoa tu", ajue mama yangu ndiye atakayemjibu.