Nilichomoa Waya wa Imprimante kwa Sababu ya Vidole vya Bluu

Wiki iliyopita, chini ya kisa cha yule dada wa Mudaka, msomaji mmoja aliandika hapa: "Wivu ni ugonjwa wa wanaume wasiosoma." Uongo mtupu! Mimi nina miaka hamsini na mbili, nimefundisha historia miaka ishirini, nyumba yangu hapa Bukavu ina vitabu hadi chini ya kitanda, na wivu unanila kama unavyomla mtu mwingine yeyote. Bwana huyo aje anionyeshe ni kitabu gani nilichokiruka. Ninaomba msimamizi wa ukurasa huu afiche jina langu, maana watu wa hapa kwetu Ibanda wananijua kwa barua zangu za wazi. Nimegombana na viongozi wa komine, nimegombana na kamati ya parokia, na bado sijachoka.

Barua hizo anayezichapa ni mke wangu. Nitamwita Mama Neema. Ana imprimante, yaani printa ya wino, pale sebuleni, na ndiyo kazi yake: programu za ndoa, karatasi za misa za mazishi, mialiko. Mwezi uliopita ilianza kuchapa kwa mistari, nyuso za maharusi zikatoka kama zimeparuliwa na paka. Kichwa cha kuchapia kilikuwa kimeziba. Kwetu umeme unakatika katikati ya ukurasa, kichwa kinabaki wazi mbali na mahali pake pa kufunikwa, na wino unakaukia kwenye vitundu vyake. Nikasema niachiwe mimi. Niliiamuru mashine ijisafishe mara kumi na moja, mpaka wino ukaisha. Tukaweka katriji mpya, nikakisugua kichwa kwa mswaki na manukato, kwa kuwa nilisoma mahali kwamba spiriti inayeyusha wino. Zikatoka kurasa nyeupe.

"Papa Neema," mke wangu akasema, "we unapiganaka na kila kitu, ata na machine. Tuite Papa Deo."

Papa Deo ni jirani yetu wa upande wa pili wa ua, aliyefiwa na mkewe, mtu wa maneno machache ambaye zamani alitengeneza redio. Nilikataa katakata. Siku niliyokwenda Kavumu kwenye kilio, mke wangu akamwita.

Nilijua kesho yake, Jumapili, kwenye misa. Padri aliposema tutakiane amani, Papa Deo aligeuka kutoka benchi la mbele akanipa mkono. Vidole vyake vitatu vilikuwa vya bluu hadi kwenye kucha. Nikatazama mkono wa mke wangu. Bluu ileile! Mke wa mtu na jirani, wamepakwa rangi moja mbele ya Mungu na waumini wote. Nilisema "amani" meno yakiwa yamebanana.

Nyumbani nikamhoji. Hakuficha kitu.

"Aliweka kichwa juu ya kitambaa yenye mayi ya moto kidogo, tukangoja wino ilegee. Haikusuguliwa ata kidogo."

"Mukangoja pamoja?"

"Sasa mi ningeenda wapi? Ni nyumba yangu."

"Kwa muda wa saa ngapi?"

"Saa tatu nzima."

"Mulikuwa munasema nini saa tatu nzima?"

Akacheka. "Miye ndiye nilikuwa nasema. Yeye anasikilizaka."

Ndugu zangu, angesema alimshika mkono ningeumia kidogo kuliko hapo. Miaka ishirini na nne nimemjaza mwanamke huyu maneno, na anayemkumbuka ni yule aliyenyamaza.

Sasa ungamo langu. Jumanne mke wangu alikuwa anachapa vijitabu vya ndoa ya mdogo wake. Akaenda jikoni kutazama maharage. Kichwa kikiwa katikati ya karatasi, nikachomoa waya. Nikamwambia prizi ya umeme ukutani imeungua, nitaitengeneza mwenyewe, asiguse. Siku tatu kichwa kile kilikaa wazi kikikauka, nami nilipita karibu na meza nikiwa na furaha mbaya. Nilitaka kazi ya mikono ya Papa Deo ife, aonekane fundi wa bure.

Nilipouchomeka waya tena, zikatoka kurasa nyeupe; ilikufa kweli. Na mke wangu akafanya nini? Akamwita Papa Deo! Safari hii walisafisha mbele ya macho yangu, wameinamia bakuli moja, mimi nimeshika kitabu bila kugeuza ukurasa. Papa Deo alipomaliza akaniambia kwa heshima zote:

"Muzee, courant ya hapa, huu umeme wa kukatika kila saa, itaua hii machine. Kwangu niko na panneau ya jua na batterie. Mama anaweza kuja kuchapia kwangu, kwa baraza."

"Aksanti sana, Papa Deo," mke wangu akasema, kwa sauti niliyoisikia mara ya mwisho tulipokuwa wachumba.

Vijitabu vilichelewa. Mdogo wake aliolewa waalikwa wakiwa wameshika fotokopi zilizofifia, na mke wangu akamwomba msamaha huku analia, kwa kosa ambalo ni langu. Jumatatu mashine inahama, na yeye atakuwa kwenye baraza la yule bwana kila asubuhi. Sisemi kuna dhambi kati yao. Ninasema mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka. Nikimwambia ukweli, pengine mashine itabaki, lakini atajua ameolewa na mtu wa aina gani. Nikinyamaza, kila asubuhi nitamwona akivuka ua.

Wanaume wenzangu, kaeni kimya, ushauri wenu ninaujua na ndio ulionifikisha hapa. Ninawadai jibu ninyi akina mama mlioishi na mume mbishi miaka ishirini na zaidi: nimwambie, au ninyamaze? Jibuni kabla ya Jumatatu. Na mkisema nimwambie, niandikieni sentensi ya kwanza, maana nimeianza mara nyingi, na kila mara inageuka kuwa mashtaka dhidi ya Papa Deo.