Wimbo wa Tatu Haukutaka Kwisha

Nilikuwa nimerudi Mafia na shahada yangu, nikaajiriwa kuwaeleza wavuvi kanuni za hifadhi ya bahari: wapi pasivuliwe, nyavu za matundu gani ziachwe. Mikutano niliyoiitisha Kilindoni ilihudhuriwa na watu sita, wawili kati yao wakiwa jamaa zangu. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililonikosesha.

Karibu na soko palikuwa na duka la misumari, rangi na kamba. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa kisiwani. Ujanani mwake, huko Dar es Salaam, alikuwa mwimbaji wa roki, na jina lake lilivuma. Mabaharia walileta santuri zake mpaka kwetu. Mama yangu, akiwa msichana, alijifunza kulikunja goti kama alivyosimuliwa kwamba mwimbaji huyo hulikunja jukwaani. Mzee alipofiwa na baba yake alirudi kushika duka, na gitaa likapanda darini. Kilindoni hakuwahi kuimba. Mkewe hakupenda, na tangu walipooana huko Dar es Salaam hakuwahi kwenda kumsikiliza popote.

Kisha daktari akamwambia kwamba moyo wake umechoka. Mzee akanijia ofisini, akaniomba nimwombee uwanja wa shule kwa alasiri moja tu. Mkewe alikubali kwa sharti: nyimbo tatu, naye mzee ameketi kitini. Mama huyo aliniita nyuma ya duka, akaniachia mimi kazi ya kusimamia sharti hilo.

"Wa tatu ukiisha, basi," aliniambia. "Yeye mwenyewe hatajua kukoma. Atajiua huyu."

Mzee naye alikuwa na ombi lake: tangazo lisiseme kuwa ni mara ya mwisho. Nilikubali. Lakini nilipokaa kuliandika, nikawakumbuka wale watu sita. Nilitamani, japo siku moja, niwaite watu na waje. Nikaandika: Njooni mumsikie kwa mara ya mwisho.

Walikuja, hata kutoka vijiji vya Ghuba ya Chole. Wanawake waliketi mbele kwenye mikeka, wanaume wakasimama pembeni. Kwa kuwa kisiwani hapakuwa na bendi ya roki, mzee alisindikizwa na vijana wa kikundi cha taarabu, waliofanya naye mazoezi juma zima. Nyimbo mbili za kwanza zilipita salama. Aliimba ameketi, goti lake la kulia likicheza, na mimi nikaanza kujisifu moyoni.

Katika wimbo wa tatu mwanamke mmoja aliinuka na kikuba, kishada cha asumini, akaenda kumtunza kwa zawadi hiyo. Kwetu, mwimbaji hamalizi wimbo wakati mtu yuko njiani kumtunza. Wapigaji hurudi mwanzo wa ubeti mpaka mtunzaji akae. Katika taarabu hilo halina madhara, kwa maana fidla na waitikiaji humpa mwimbaji nafasi ya kupumua. Roki haina mahali pa kupumulia. Nyuma ya yule mwanamke akainuka wa pili, kisha mkeka mzima. Nani angebaki ameketi, ilhali imetangazwa kwamba ni mara ya mwisho? Walikuja kwa mwendo wa harusini, hatua moja mbele, nusu nyuma. Bibi mmoja akamwambia, kipaza sauti kikisikia, kwamba amemngoja tangu hajaolewa. Uwanja ukacheka. Mzee alicheka pia, na kicheko kile kikamkata pumzi.

Sasa alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa rangi ya jivu. Nikamwendea mpiga kinanda, nikamwambia amalize, mzee ni mgonjwa.

"Kaka, yule mama bado hajakaa," akanijibu, bila kuniangalia.

Nikaenda kwenye jenereta iliyoendesha vyombo na kipaza sauti, nikaweka mkono juu ya swichi. Kuzima kungemwaibisha yeye pamoja na wanawake wote wale. Lakini sitasema kwamba niliuondoa mkono kwa sababu hiyo peke yake. Sauti yake ilikuwa imepasuka, na katika ule mpasuko mlikuwa na uzuri ambao sikuwahi kuusikia. Nilitaka ubeti mmoja zaidi. Nikauchukua, kwa gharama ya moyo wa mtu mwingine.

Adhana ya magharibi, ambayo ingenyamazisha kila kitu, ilikuwa bado mbali. Ndipo nilipokumbuka kwamba harusini mwenye shughuli hutunza mwisho, na baada yake hainuki mtu; na hapa mwenye shughuli alikuwa mkewe. Nilimkuta kwenye baraza ya shule, ameupa uwanja mgongo, tasbihi mkononi.

"Mama, nimekosa," nikasema. "Niliwatangazia kuwa ni mara ya mwisho. Hawatakaa mpaka wewe umtunze."

"Ni wa ngapi huu?"

"Wa tatu, Mama. Haujaisha."

Akainuka. Miguu ilikuwa ikimsumbua, na uwanja ulikuwa mrefu. Waliokuwa kwenye foleni walimwona, wakampisha, wakarudi mikekani mmoja mmoja. Mzee naye alimwona. Ilimlazimu aimbe mpaka mkewe afike, na mkewe hakuweza kwenda haraka. Nilimfuata nyuma, nikisikia kila mstari ukija mfupi kuliko uliotangulia, mpaka mzee akawa anatoa miisho ya maneno tu.

Alipomfikia hakuwa na kitu mkononi ila tasbihi. Akashika ncha ya mtandio wake, akampangusa uso mbele ya watu wote, akakichukua kipaza sauti.

"Nimekusikia," akamwambia. "Sasa keti."

Aliketi. Kinanda kikapiga sauti moja ya mwisho, kikanyamaza.

Hakuimba tena hadharani. Mkutano wangu uliofuata kuhusu nyavu ulijaa, nami niliuendesha macho yakiwa kwenye karatasi. Kila nilipokwenda kununua kamba nilimwamkia yule mama shikamoo, naye kwa muda mrefu aliitika marahaba bila kuinua uso. Nyuma yake mzee alikuwa kitini, akipanga misumari kwa ukubwa wake, goti la kulia likicheza.