Vijiti Katika Mkojo wa Baba

Baba alikuja maabara Jumanne asubuhi, amevaa koti la kanisani. Daktari alikuwa amemwambia presha imepanda, apime mkojo. Maabara ni nyingi hapa mjini Eldoret, lakini alitaka apimwe na mimi, binti yake. Nilimpa kikopo. Alikirudisha amekifunika kwa kitambaa cha mfukoni, kwa haya.

Mkojo ulikuwa umekolea kama chai ya rangi, na karatasi ya kupimia ilionyesha protini kidogo. Nikaogopa. Mama alikufa kwa ugonjwa wa figo nikiwa nimeanza kazi tu. Katika mkojo wake nilikuwa nimeona vijiti vipana, kingo zimekatika kama nta iliyokauka. Vijiti hivyo hufinyangwa ndani ya mirija ya figo, na vikifika unene ule, figo imechoka siku nyingi.

Niliweka tone la mkojo wa baba chini ya darubini. Vijiti vilikuwepo. Nikatafuta kama vimebeba seli nyekundu, maana hizo zingesema vichujio vya figo vinavuja damu. Hakuna. Seli nyeupe za maambukizi, hakuna. Vilikuwa vitupu, angavu, havionekani mpaka nipunguze mwanga. Vya namna hiyo humtoka hata mtu mwenye afya akikosa maji, au akitumikisha mwili sana.

Nikatoka nikaenda kwenye benchi alikokaa, nikamuuliza alikuja na nini.

"Pikipiki."

Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi mpaka kwenye kamba.

"Baba."

Akageukia dirisha. Akasema ametembea kutoka nyumbani Kapseret, ameondoka kabla ng'ombe hawajakamuliwa, na hajanywa hata maji kwa sababu alidhani mtu wa kupimwa lazima afunge. Nikamuuliza kwa nini atembee na pikipiki zimejaa pale kwa lango letu.

"Kama ni habari mbaya," akasema, "nilitaka niwe nimetembea hiyo barabara mara moja tena. Mama yako tulikuwa tunaitembea pamoja."

Nilikaa kando yake kidogo. Halafu nikamletea maji, kikombe baada ya kikombe, akanywa bila kubishana, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipomweleza nilichoona, akaomba aone mwenyewe. Nikamkalisha kwenye kiti changu. Alifumba jicho lake bovu, akainama, akachukua muda mrefu.

"Na vya mama yako vilikuwa hivi?"

"Hapana, Baba. Vilikuwa tofauti kabisa."

Aliendelea kuangalia, nami sikumharakisha.

Ijumaa jirani alimleta kwa gari, Baba akiwa amepumzika na kunywa maji. Mkojo ulikuwa safi, protini imeisha. Dawa ya presha ameanza, anameza moja kila asubuhi. Siku hiyo nilimsomea majibu mara mbili. Akataka nimwandikie pia, ingawa miwani aliiacha nyumbani, akaikunja karatasi mara nne na kuishika mkononi mpaka kwenye gari.